Chumvi, Maji na Meno ya Wenzetu

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mcheka kilema hafi bila kumfika. Lakini katika shule zetu methali hii hukaririwa darasani na kusahauliwa mara tu kengele ya mapumziko inapolia. Msomaji mpenzi, hebu tazama darasa lolote lenye wanafunzi waliotoka pembe mbalimbali za Kenya. Hutakosa mmoja au wawili ambao meno yao yana madoa ya hudhurungi, rangi ya chai iliyokolea majani. Hao ndio wanaocheka huku wameziba mdomo kwa kiganja. Picha ya darasa ikipigwa, wenzao wote wametabasamu. Wao wamefumba midomo kama waliotiwa kufuli. Na majina ya kupanga hayakosekani.

Ukiuliza sababu, utapewa majibu kama mvua. Huyu atakuambia eti hawapigi mswaki. Yule atasema ni miwa waliyoila utotoni. Mwingine atasema ni urithi wa ukoo, na wako hata wanaonong'ona kwamba ni laana. Yote hayo ni porojo tupu. Jibu la kweli limo katika somo la Kemia, katika ile mada ya chumvi ambayo wengi wetu huikariri ili tupite mtihani kisha tukaitupa kapuni. Ukifahamu jinsi chumvi inavyoundwa, inavyoingia majini, na jinsi chumvi mbili zinavyotendana zikikutana humo, utajua meno yale yalipata wapi rangi yake. Tena utajua la kufanya ili wadogo zako wasipatwe na yayo hayo.

CHUMVI SI ILE YA MEZANI PEKE YAKE

Ukimtuma mtoto dukani akanunue chumvi, atakuletea ile pakiti inayojulikana na kila mpishi. Hiyo ni kloridi ya sodiamu. Lakini mwanakemia akisema "chumvi" anataja ukoo mzima. Magadi yanayotiwa kwenye githeri ili maharagwe yaive upesi ni chumvi. Chaki ya mwalimu ni chumvi. Jiwe la chokaa ni chumvi, mbolea nyingi za shambani ni chumvi, na hata sabuni unayoogea, amini usiamini, ni chumvi. Gamba gumu la nje la jino lako nalo pia ni la ukoo huo huo. Hilo tutalifikia.

Ni nini basi kinachoziunganisha zote hizi? Kila chumvi ina pande mbili. Upande mmoja una chembe zenye umeme chanya, aghalabu za metali kama vile sodiamu, kalsiamu au magnesiamu. Upande wa pili una chembe zenye umeme hasi, kama vile kloridi, kaboneti, salfeti au floridi. Chembe hizi zenye umeme huitwa ioni. Chanya humvuta hasi na hasi humvuta chanya, na mvutano huo ndio unaozifunga pamoja zikawa punje ngumu. Ni kama ndoa ya bwana na bibi. Tofauti ni kwamba katika ndoa hizi, kama utakavyoona, kuachana na kuoana upya ni jambo la kila siku.

Ndoa hizi hufungwa kwa njia kadhaa. Ya kwanza ni asidi kukutana na alkali. Chukua asidi ya haidrokloriki na haidroksidi ya sodiamu. Kila moja peke yake yaweza kukuunguza ngozi. Lakini ukizichanganya kwa vipimo vilivyo sawasawa, kali mbili hizo hupatana na kuzaa maji na chumvi ya mezani. Ya pili ni asidi kukutana na metali kama zinki. Hapo utapata chumvi pamoja na gesi ya haidrojeni. Ya tatu ni asidi kukutana na kaboneti. Hii huhitaji hata kwenda maabara. Kamulia ndimu juu ya kipande cha magadi uone jinsi kinavyochemka povu bila moto. Povu hilo ni gesi ya kaboni dioksidi inayotoroka. Ukali wa ndimu umekwisha, na kilichobaki katika maji ni chumvi mpya iliyotokana na asidi ya ndimu na sodiamu ya magadi.

Kisha ziko chumvi ambazo tayari zimekwisha kuundwa, nasi kazi yetu ni kuziokota tu. Nyanya zetu katika sehemu za Magharibi walichoma makapi ya maharagwe au maganda ya ndizi, wakaweka jivu katika chombo chenye matundu na kulimiminia maji. Maji yaliyotona chini, ambayo Waluhya huyaita musherekha, yalitiwa kwenye mboga ili zilainike. Nyanya hawa hawakuketi katika maabara yoyote, lakini walijua jambo kubwa: kaboneti ya potasiamu iliyomo katika jivu hukubali kwenda na maji, na sehemu kubwa ya jivu hukataa na kubaki juu. Siri ya makala haya yote imo katika kukubali huko na kukataa huko.

KUYEYUKA AU KUMUMUNYIKA?

Sisi wapenzi wa Kiswahili tusimame hapa kidogo. Katika mazungumzo ya kila siku tunasema sukari imeyeyuka katika chai, na barafu imeyeyuka juani. Lakini mambo haya si mamoja. Barafu ni kitu kimoja kinachogeuka kutoka ugumu hadi umajimaji kwa sababu ya joto, nayo haihitaji mwenzake. Chumvi inapoingia majini ikapotea machoni, imechukuliwa na maji. Kwa hilo tuna neno zuri: kumumunyika. Ni jirani wa kumumunya, vile mtoto anavyoimumunya peremende mpaka ikaisha mdomoni.

Maji huimumunyaje chumvi? Kila molekuli ya maji ina atomu moja ya oksijeni na mbili za haidrojeni. Upande wa oksijeni una uhasi kidogo na upande wa haidrojeni una uchanya kidogo. Ukitumbukiza punje ya chumvi ya mezani, molekuli za maji huizingira kama siafu waliopata nyama. Zile za pembeni huelekeza oksijeni yao kwa sodiamu na kuivuta. Nyingine huelekeza haidrojeni yao kwa kloridi na kuivuta vile vile. Ioni moja hung'oka, kisha ya pili, kisha ya elfu, mpaka punje yote imetoweka. Kila ioni sasa inaogelea peke yake, imezungukwa na walinzi wake wa maji.

Chumvi basi haikupotea. Onja uone. Acha maji juani uone. Au katika maabara tia nyaya mbili za betri na balbu katika maji ya chumvi: balbu itawaka, kwa maana ioni zinapita zikibeba umeme. Kumbuka jambo hili vizuri. Maji yanaweza kuwa meupe kama kioo, hayana harufu wala tope, na bado yamebeba mzigo usioonekana kwa macho.

Lakini maji nayo yana tumbo lake, hushiba. Gramu 100 za maji katika joto la kawaida la chumbani humumunya gramu 36 hivi za chumvi ya mezani. Ukiongeza zaidi, itatua chini na kukutazama tu. Maji ya bahari yana gramu 35 hivi za chumvi za kila aina katika kilo moja, yaani bado yako mbali sana na kushiba. Ndiyo sababu wafanyakazi wa mashamba ya chumvi kule Gongoni na Marereni, kaskazini ya Malindi, huingiza maji ya bahari katika mabwawa mapana yasiyo na kina na kuliachia jua kazi. Jua hunywa maji, chumvi hubaki.

Sasa angalia ajabu. Chumvi za baharini hazitui zote kwa pamoja. Inaanza kaboneti ya kalsiamu, yaani chokaa. Inafuata jasi, ambayo ni salfeti ya kalsiamu. Hapo ndipo chumvi ya mezani huanza kung'aa, wakati maji yamebaki kama sehemu moja ya kumi ya yale ya mwanzo. Maji machungu yanayosalia yana chumvi za magnesiamu, nayo humwagwa. Kila chumvi ina zamu yake kwa sababu kila moja ina kiasi chake cha kumumunyika.

CHUMVI ZINAZOKATAA MAJI

Ziko chumvi ambazo mvutano wa bwana na bibi ni mkubwa mno hata maji yakavuta mpaka yakachoka. Kaboneti ya kalsiamu ni mojawapo. Lau ingekubali maji kama chumvi ya mezani, nyumba za mawe ya matumbawe kule Mji wa Kale, Mombasa, zingalikwisha siku ya masika ya kwanza.

Hata hivyo chokaa ina udhaifu wake. Mvua inaposhuka hubeba kaboni dioksidi kidogo kutoka hewani, na inapopenya udongoni hubeba zaidi. Maji hayo huwa na uasidi mdogo. Yakipita katika mwamba wa chokaa au matumbawe, huigeuza kaboneti ikawa baikaboneti ya kalsiamu, ambayo hukubali kumumunyika. Ndiyo maana visima vingi vya Pwani vina maji magumu. Si magumu ya kutafuna, la! Ni magumu kwa sababu yana kalsiamu nyingi. Chemsha maji hayo katika birika kila siku. Moto huifukuza kaboni dioksidi, chokaa hurudi ilivyokuwa, na birika hufanya ukoko mweupe ndani.

Fua nguo kwa maji hayo nayo sabuni itakataa kutoa povu. Kwa nini? Sabuni ni chumvi ya sodiamu na asidi ya mafuta. Ikiingia katika maji magumu, ile asidi ya mafuta humwacha sodiamu na kuolewa na kalsiamu. Ndoa hii mpya haimumunyiki, kwa hivyo hujitenga ikawa utando mweupe unaogandamana kwenye karai.

Hapa tumefika kwenye kanuni yenyewe, nayo ni rahisi kuikumbuka. Chumvi mbili zilizomumunyika zikikutana, ioni zao zote huchanganyikana. Ikiwa miongoni mwao wako wawili ambao wakioana hawamumunyiki, basi wataoana tu na kutua chini kama mashapo. Wanaobaki wataendelea kuogelea. Mwalimu wako wa Kemia akikuruhusu, changanya maji ya magadi na maji yenye kloridi ya kalsiamu. Vimiminika viwili vyeupe kama maji ya mvua vitageuka ghafla kuwa kama maziwa. Kalsiamu imemkamata kaboneti, nayo ni chokaa hiyo inayotua chini ya gilasi. Sodiamu na kloridi wameachwa huru majini.

Shika mambo hayo mawili, kalsiamu hukamatwa na kaboneti, na wengine huachwa huru, kisha twende Bonde la Ufa.

BONDE LA UFA NA FLORIDI ILIYOACHWA HURU

Bonde la Ufa ni nchi ya volkano. Longonot, Menengai, Suswa, yote hayo ni milima iliyowahi kutema moto. Miamba iliyotoka chini ya ardhi huko ina sodiamu nyingi na kalsiamu kidogo, na tena ina elementi iitwayo florini kwa wingi kuliko miamba ya sehemu nyingine. Maji ya mvua yanapopenya katika miamba hiyo kwa miaka na mikaka, huimumunya polepole na kujitwalia sodiamu, baikaboneti na floridi.

Ukitaka kuona mwisho wa safari hiyo, nenda Ziwa Magadi katika Kaunti ya Kajiado. Chemchemi za moto huleta maji ya chumvi, jua huyakausha, na juu ya ziwa kunaganda tabaka nene la magadi. Kampuni ya kuyachimba ilianzishwa mwaka 1911 na kazi inaendelea hadi leo. Magadi hayo yakipashwa moto mkali hutoa mvuke na kaboni dioksidi, nayo soda inayobaki hutumika kutengenezea kioo.

Sasa tumia kanuni yetu. Maji ya chini ya ardhi katika Bonde la Ufa yana baikaboneti na kaboneti tele. Ile kalsiamu kidogo iliyomo hukamatwa, hufanywa chokaa na kutua huko huko miambani. Haya, ni nani angeweza kuikamata floridi? Ni kalsiamu! Floridi ya kalsiamu ni chumvi kaidi sana. Lita nzima ya maji humumunya miligramu 16 tu hivi. Ni jiwe, na jiwe hilo lilichimbwa kwa miaka mingi kule Kimwarer katika Bonde la Kerio. Lakini kalsiamu imekwisha kutwaliwa na kaboneti. Floridi basi hubaki na sodiamu, na floridi ya sodiamu hukubali maji bila ubishi: lita moja huweza kumumunya gramu 40 hivi, yaani zaidi ya mara elfu mbili ya ile ya kalsiamu.

Umeona mambo yalivyo? Mtu wa Pwani analalamika kwamba maji ya kisima chake ni magumu na yanamaliza sabuni. Mtu wa Nakuru, Naivasha, Njoro au sehemu za Baringo anafurahi kwamba yake ni laini na sabuni inatoa povu kama sufu. Kumbe ulaini huo ndio ulioiachia floridi mlango wazi! Maji ni meupe, hayanuki, na ladha yake haikuambii lolote. Kikulacho ki nguoni mwako.

Si kila kisima cha Bonde la Ufa ni kibaya, wala si visima vya huko tu vyenye shida. Visima virefu vya mashine katika sehemu za Nairobi na Kiambu navyo vimepatikana na floridi nyingi. Aidha visima viwili vilivyo jirani vinaweza kutofautiana kabisa, kwa kuwa kila kimoja hunywa kutoka mwamba wake. Ndugu zetu wa Ethiopia na wa Arusha, Tanzania, wanaoishi katika ufa huo huo, wanaijua shida hii vilevile.

JINO NALO NI CHUMVI

Nilikuahidi kwamba tutalifikia jino. Gamba lake la nje, liitwalo enameli, limejengwa kwa chumvi ya kalsiamu, fosfeti na haidroksidi. Ni ngumu kuliko kitu kingine chochote katika mwili wako. Floridi inapolifikia jino, huweza kuchukua nafasi ya haidroksidi. Floridi kidogo ni baraka. Huifanya enameli iweze kustahimili asidi zinazotengenezwa na vijidudu vya mdomoni baada ya wewe kula peremende, na ndiyo sababu dawa nyingi za meno zimetiwa floridi. Lakini kila kitu kina kipimo chake. Shirika la Afya Duniani limesema maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floridi katika lita moja.

Mtoto akinywa maji yaliyozidi kiwango hicho siku baada ya siku, floridi huvuruga ujenzi wa enameli wakati jino lingali ndani ya ufizi. Jino linapochomoza huwa na mabaka meupe kama chaki, na enameli yake ina vijitundu vidogo vidogo. Baadaye vijitundu hivyo hufyonza rangi, na mabaka hugeuka manjano, kisha hudhurungi. Doa liko ndani ya jino lenyewe, wala si uchafu uliokaa juu. Mswaki hata ukipigwa mara kumi kwa siku hauwezi kulitoa.

Zingatia pia umri. Meno ya kudumu, ukiacha magego ya mwisho, huumbwa ndani ya ufizi kuanzia kuzaliwa hadi miaka 8 hivi. Mwenzako wa kidato cha tatu mwenye meno ya hudhurungi alipata madoa hayo kabla hajajua kuandika jina lake sawasawa. Alikunywa maji aliyopewa na mama yake, nayo yalikuwa maji safi kwa macho ya kila mtu. Kosa lake ni lipi?

Naomba hapa niseme na wale wanaosugua meno yao kwa mchanga, kwa jivu au kwa waya wa kusugulia sufuria. Acheni, tafadhali. Mnachokiondoa si doa bali enameli, nayo ikiisha haimei tena. Daktari wa meno anazo njia za kulipunguza doa au kulifunika. Tena si meno tu. Mtu mzima akinywa floridi nyingi mno kwa miaka mingi, mifupa na viungo vyake huweza kukakamaa na kumtia maumivu. Kwa hivyo jambo hili si la urembo peke yake.

TUFANYE NINI BASI?

Kwanza, tusidanganyike na moto. Kuchemsha maji huua vijidudu, na ni desturi njema, lakini floridi haifi kwa sababu haikuwa hai. Haigeuki mvuke pia. Fanya hesabu hii ndogo: lita 2 za maji zenye miligramu 3 kwa kila lita zina miligramu 6 kwa jumla. Zikichemka mpaka ikabaki lita 1, zile miligramu 6 zote zimo katika lita hiyo moja. Umefanya maji yawe mabaya mara mbili.

Pili, tukinge mvua. Maji ya mvua hayajapita katika mwamba wowote, kwa hivyo karibu hayana floridi kabisa. Paa la mabati, mfereji wa kukingia na tangi lenye kifuniko ni dawa iliyo karibu zaidi. Tangi likiwa dogo, maji yake yawe ya watoto walio chini ya miaka 8 kunywa na kupikiwa uji. Ya kisima yafulie na kuoshea vyombo.

Tatu, uko mkaa wa mifupa. Mifupa ya ng'ombe huchomwa katika tanuri lenye hewa kidogo, ikasagwa, ikaoshwa na kujazwa katika kichujio. Mfupa umejengwa kwa chumvi ya ukoo ule ule wa jino. Maji yanapopita hapo, floridi hukamatwa na mfupa wa ng'ombe kabla haijalifikia jino la mtoto. Dayosisi ya Kanisa Katoliki ya Nakuru imefanya kazi hii kwa miaka mingi, na kule Tanzania kituo cha Ngurdoto, karibu na Arusha, kimefanya utafiti juu ya jambo hilo hilo. Ila tahadhari: mkaa wa kawaida wa makaa ya jikoni hauwezi kazi hii. Mifupa iliyochomwa ovyo hunukisha maji. Na kichujio nacho hushiba, hivyo mkaa wake sharti ubadilishwe kwa wakati wake.

Nne, tuangalie magadi ya kupikia. Yametoka katika nchi ile ile ya volkano na yanaweza kuwa na floridi. Badala ya kuyatia kwenye githeri ya watoto kila siku, loweka maharagwe usiku kucha. Asubuhi yataiva upesi.

Tano, maji yapimwe. Jicho haliwezi, ulimi hauwezi. Shule au kijiji kikichimba kisima kipya, watu wasitosheke na kushangilia maji yakiruka juu. Waulize: floridi ni miligramu ngapi kwa lita? Swali hili hata mwanafunzi wa kidato cha kwanza anaweza kulipeleka katika mkutano wa wazazi au ofisi ya maji ya kaunti.

Sita, na hili halihitaji shilingi hata moja, tuache majina ya kupanga. Mwenye meno ya hudhurungi hana uchafu, hana laana, na wala hakurithi chochote kibaya kwa babu yake. Alikunywa maji ambayo kalsiamu yake ilikwisha kukamatwa na kaboneti kabla hajazaliwa. Ukimsikia mtu akimcheka, usigombane naye. Mwite kando, mkamulie ndimu juu ya magadi, umweleze habari ya ndoa za chumvi tangu mwanzo. Asiyejua maana haambiwi maana, lakini aliyekwisha kuambiwa hana udhuru tena.